Ajali Ina Kinga, na Kinga Hiyo Huanzia Kiti cha Abiria

"Ajali haina kinga." Methali hii haikosi kusikika kila tunapokusanyika matangani kumlilia kijana aliyeangamia barabarani. Hutamkwa na mzee mmoja kwa sauti ya chini, majirani wakaiitikia kwa kutikisa vichwa, na mjadala ukafungwa papo hapo. Hapana anayethubutu kuuliza gari lilikuwa likienda kwa kasi gani, nani alikuwa ameshika usukani, alikuwa ameendesha kwa saa ngapi tangu apate leseni, wala ni abiria wangapi waliokuwa wakimhimiza aongeze mwendo. Methali huwa imekwisha kuyajibu maswali yote kabla hayajaulizwa.

Kazi yangu ni kuifundisha na kuichunguza lugha, na kwa hiyo nitaanza na neno lenyewe. Ajali tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, ukomo, na hasa ukomo wa uhai wa mja. Katika Kiswahili neno hilo limeendelea kuibeba maana hiyo ya majaliwa huku likipewa kazi mpya ya kutaja magari yanayogongana. Tunapoliita tukio la barabarani ajali, basi, huwa tumekwisha kulitia katika fungu la mambo yasiyozuilika hata kabla ya askari wa trafiki kufika na kamba yake ya kupimia. Sina haja ya kubishana na imani ya mtu. Ninachokipinga ni mazoea ya kuyatwika majaliwa mzigo ambao kwa hakika ni wetu sisi wazazi, walimu na vijana wenyewe.

Labda msomaji atauliza ni kipi kilichomfanya mwalimu wa isimu kuingilia mambo ya gia na breki. Jibu ni kwamba mwanangu alitimiza miaka 18, umri ambao sheria ya Kenya humruhusu mtu kupata leseni ya kuendesha gari dogo. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, akajiunga na shule ya udereva na baada ya majuma kadhaa akahitimu. Siku aliyofaulu alirejea nyumbani akichekelea, akachukua vibiriti na vifuniko vya chupa, akanipangia juu ya meza ule mji wa mfano ambao vizazi vya madereva wa Kenya vimeupitia: ubao wenye barabara zilizochorwa, mzunguko, makutano na vivuko, na kigari cha kuchezea ambacho mtahiniwa hukisukuma kwa kidole akieleza anakokwenda. Alinieleza nani ana haki ya kupita kwanza, wapi ni mwiko kuegesha gari, na alama ipi yaonya na ipi yaamuru. Hakukosea hata mahali pamoja. Nilijisemea kimoyomoyo kwamba karo yangu haikupotea bure.

Jumapili iliyofuata nilimkabidhi ufunguo, nikaketi kando yake. Alifunga mshipi wa usalama, akarekebisha vioo, akalitoa gari langoni kwa adabu ya kupendeza. Kisha tukaingia barabara kuu. Mbele yetu lori lilikuwa likipanda mlima kwa kujikokota, na katikati ya barabara palichorwa mstari usiokatika, ule unaomkataza dereva kulipita gari lililo mbele yake. Mwanangu alichungulia, akachomoka, akakanyaga mafuta. Gari lililokuwa likija upande wa pili lilituwashia taa na kupiga honi mfululizo, nasi tulirejea katika njia yetu nikiwa nimekwisha kufumba macho. Nilipopata sauti nilimwuliza kama hakuuona ule mstari.

"Niliuona, Baba," akanijibu. "Lakini wewe hupita hapa kila siku."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mwanafunzi anayemtajia mwalimu ukurasa wa kitabu alimosoma jibu lake. Sikuwa na la kumjibu, maana alichosema kilikuwa kweli tupu.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo moja ambalo wanafunzi wangu wa isimu hulisikia kila mwaka katika muktadha mwingine. Kuijua kanuni ya lugha ni jambo moja, na kuizungumza lugha ni jambo jingine kabisa. Mtoto hafunzwi lugha ya mama kwa kitabu cha sarufi. Huipata kwa kuwasikiliza wakubwa miaka nenda miaka rudi, akaiga hata makosa yao, na afikapo darasani mwalimu humkuta akiwa na sarufi yake tayari kichwani. Hali kadhalika dereva. Shule ya udereva humpokea kijana ambaye kwa miaka 18 amekaa katika kiti cha abiria akisoma. Amemsoma baba yake akijibu simu huku mkono mmoja u usukanini. Amemsoma dereva wa matatu akipanda kando ya barabara ili kuruka foleni. Amemsoma mjomba akitoka arusini amelewa na kukataa katakata kunyang'anywa ufunguo kwa kuwa "barabara naijua hii." Majuma machache ya mafunzo na kigari cha kuchezea vitawezaje kuifuta sarufi iliyoandikwa kwa miaka kumi na minane?

Suala hili si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, na kwamba miongoni mwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi ya barabara. Si malaria, si Ukimwi, si vita. Hapa Kenya, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zimeonyesha katika miaka ya hivi karibuni vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka. Msomaji ambaye ni mwalimu na achukue idadi ya wanafunzi wa shule yake, kisha ahesabu ni shule ngapi kama hiyo zinazofutika kila mwaka.

Na tutazame jinsi tunavyoyasimulia maafa hayo. Fungua gazeti lolote au sikiliza taarifa ya habari: "Gari lilipoteza mwelekeo, likabingiria mara kadhaa." "Breki zilikataa." "Barabara hiyo imewameza watu wengine watano." Ningekuwa natahini sarufi ningemtaka mwanafunzi anitajie kiima cha kila sentensi. Atapata gari, breki na barabara. Mtu hayumo. Gari halina akili ya kuupoteza mwelekeo, bali yupo aliyeupoteza kwa kuwa alikuwa akienda kasi kupita kiasi, au alikuwa na usingizi, au macho yake yalikuwa kwenye simu. Sehemu ya Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, ilikuwa mfano wa kusikitisha wa jambo hili. Kwa miaka mingi mteremko ule ulitajwa kana kwamba una kiu ya damu, ilhali mojawapo ya sababu zilizotajwa mara kwa mara ni madereva wa malori kuteremka gia ikiwa imetolewa ili kuokoa mafuta, wakaiachia breki kazi yote hadi ikapata moto na kushindwa. Huko si kuandikiwa. Ni uamuzi wa mtu aliyepiga hesabu ya lita chache za mafuta na kusahau hesabu ya roho.

Hesabu za mwendo nazo hazina huruma wala upendeleo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria katika miji na vituo vya biashara nchini, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 100 hukata karibu mita 28. Kijana anayeinamia simu kwa sekunde tatu tu akienda mwendo huo wa pili huwa amesafiri zaidi ya mita 80 kama kipofu, yaani karibu urefu wa uwanja wa kandanda. Kuhusu kusimama, mwongozo wa barabara wa Uingereza hutoa vipimo vinavyofaa kukaririwa na kila mwanafunzi. Gari linalokwenda kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 ili kusimama kabisa tangu dereva aione hatari. Likienda kilomita 96 huhitaji mita 73, wala si 46 kama ambavyo wengi wangedhania. Mwendo umezidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama imezidi mara tatu. Sababu yake imo katika kitabu cha fizikia: nguvu iliyomo katika kitu kinachokwenda huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili, na breki hazina budi kuimaliza nguvu hiyo yote. Vipimo hivyo vyenyewe ni vya barabara kavu, gari lenye magurudumu mazuri na dereva aliye macho. Ukiongeza mvua, magurudumu yaliyoliwa na usiku wa giza, hesabu huzidi kuwa mbaya.

Yapo yanayomhusu kijana hasa. Sehemu ya ubongo inayotawala subira, kupima hatari na kuzuia pupa huendelea kukomaa hadi mtu akapita miaka 20 na ushei. Ujasiri, kwa upande mwingine, huja mapema sana. Isitoshe, utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba hatari ya kifo kwa dereva wa miaka 16 au 17 huongezeka kwa kadiri idadi ya abiria wake inavyoongezeka. Hilo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kuwa kijana. Wenzako wakiwa nyuma wanapiga makofi, mguu wa kulia huwa mzito. Gari hilohilo, kijana huyohuyo, akiwa na mama yake kando hugeuka kuwa dereva mwingine.

Je, suluhisho ni kuongeza tu masomo ya udereva shuleni? Wengi hupendekeza hivyo, nami nilikuwa miongoni mwao. Waama, mambo si rahisi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kaunti ya DeKalb, jimbo la Georgia nchini Marekani, maelfu ya wanafunzi wa sekondari waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa mafunzo marefu na kamili ya udereva, wengine mafunzo mafupi, na wengine hawakupewa mafunzo yoyote shuleni. Ilitazamiwa kwamba waliofunzwa zaidi wangegongana kidogo kwa mbali. Haikuwa hivyo, kwani tofauti ya maana iliyodumu haikuonekana. Somo la darasani peke yake lilikuwa limewapa vijana maarifa, lakini halikuwapa tabia.

Sweden ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1993 nchi hiyo ilishusha umri wa kuanza kufanya mazoezi chini ya uangalizi wa mtu mzima hadi miaka 16, huku umri wa kupata leseni ukibaki palepale, 18. Waliotumia fursa hiyo walijikusanyia kwa wastani karibu saa 120 za kuendesha wakiwa na mtu kando yao, ilhali hapo awali wanagenzi walikuwa hawafikishi hata saa 50. Baada ya kupata leseni, kundi hilo lilipata ajali chache zaidi. Nayo New Zealand, tangu mwaka 1987, humpandisha kijana ngazi kwa ngazi. Kwanza huendesha akiwa na msimamizi. Kisha hupewa leseni yenye mipaka, ambayo haimruhusu kuendesha peke yake kati ya saa nne za usiku na saa kumi na moja za alfajiri, wala kuwabeba rafiki zake bila ya msimamizi aliye na uzoefu. Mwisho kabisa ndipo hupewa leseni kamili. Utaratibu huo, au unaofanana nao, umeenea katika nchi kadhaa kwa sababu umepunguza vifo vya vijana.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mageni kwetu. Neno usukani lilikuwa la chombo cha baharini kabla halijawa la gari. Katika majahazi ya pwani yetu, kijana hakukabidhiwa usukani kwa kuwa ametimiza umri fulani au ameweza kutaja majina ya kamba zote. Alianza kwa kupiga deki, kuchota maji ya ngama na kuvuta henza pamoja na mabaharia. Alikaa misimu mingi akimtazama nahodha anavyousoma upepo na mawimbi, akapewa usukani bahari ikiwa shwari na nahodha yu karibu, na ilichukua miaka kabla ya kuaminiwa roho za watu usiku wa dhoruba. Wahenga wetu walijua kwamba chombo hakiendeshwi kwa cheti. Tuliurithi usukani tukalisahau darasa lake.

Sasa nifikie hoja ambayo kwayo nimeichukua kalamu. Kama kijana hufunzwa udereva akiwa abiria, basi abiria naye anapaswa kufunzwa. Na chombo cha kwanza cha abiria si breki, kwa kuwa hana. Ni ulimi.

Jambo hili limepimwa hapahapa Kenya. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walizichagua kwa kura baadhi ya matatu za masafa marefu, wakabandika ndani yake vibandiko vilivyowahimiza abiria wamkemee dereva anapoendesha vibaya. Matatu nyingine hazikubandikwa kitu. Baadaye walilinganisha madai ya bima ya ajali. Katika jaribio lao la kwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, madai ya magari yenye vibandiko yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Katika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, yalipungua kwa robo hadi thuluthi moja. Kampeni iliyotokana na kazi hiyo ilipewa jina la neno moja la Kiswahili: Zusha! Hebu tulizingatie hilo. Hapakuongezwa askari hata mmoja, hapakujengwa tuta wala kubadilishwa injini. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kusema.

Kwa nini basi hatusemi? Hapa mwanaisimu ana la kuchangia. Sisi tumelelewa katika adabu ya kutowakosoa wakubwa, na dereva, hata awe kijana wa miaka 23, akishika usukani huwa mkubwa wetu sote. Abiria kumi na wanne hukaa wakishikilia viti, kila mmoja akimwomba Mungu kimya kimya, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye hofu. Akitokea mama mmoja akasema, "Mwanangu, tupeleke polepole, tuna watoto nyumbani," ghafla wengine watatu humwunga mkono, na mguu wa dereva hulegea. Sentensi ya mama yule haina matusi wala dharau. Ni ombi lenye heshima na sababu ndani yake. Ustadi wa kuunda sentensi kama hiyo kwa wakati na kwa sauti ya kusikika ni stadi ya lugha, nayo hufundishika kama stadi nyingine zote za lugha.

Nawageukia walimu wenzangu. Sitaki somo jipya litakalohitaji kitabu kipya, mtihani mpya na karo mpya. Nataka yaliyomo yatumike. Mwalimu wa hesabu awape wanafunzi wakokotoe umbali wa kusimama badala ya treni mbili zinazokutana katika nchi wasiyoijua. Mwalimu wa fizikia na awatoe nje wapime kwa hatua mita 23, kisha mita 73, wasimame mwanzo na mwisho waone kwa macho yao. Mwalimu wa Kiswahili achukue taarifa za ajali magazetini, awaamuru wanafunzi kuziandika upya huku wakimrejesha mtenda katika sentensi. Awape pia mazungumzo ya kuigiza: dereva, utingo, na mwanafunzi anayetaka mwendo upunguzwe bila ya kumvunjia mtu heshima. Mchezo huo utachekesha darasani, lakini siku moja huenda ukamrudisha mtu nyumbani.

Fauka ya hayo, mwalimu na ajitazame mwenyewe. Basi la shule linapochelewa kutoka kwenye mashindano ya michezo na dereva akaanza kuufukuza muda, ni nani anayemwambia taratibu? Mwalimu akinyamaza mbele ya wanafunzi 50, amewafundisha 50 kunyamaza. Asubuhi langoni, pikipiki moja ikifika na watoto watatu wasio na helmeti, wamebanwa kati ya dereva na mizigo, mwalimu wa zamu akifungua lango na kusema "harakisheni, kengele imelia," amefundisha somo refu kuliko yote ya siku hiyo. Sheria ya nchi inasema abiria mmoja tu, na yeye pamoja na dereva wavae helmeti na jaketi za kuakisi mwanga. Naelewa umaskini na umbali wa shule zetu nyingi. Hata hivyo, shule inayoweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya soksi haishindwi kumwita mzazi kuhusu helmeti.

Na tusisahau kwamba kwa vijana wengi wa nchi hii, hasa mashambani, usukani wa kwanza si wa gari bali wa pikipiki. Mvulana wa darasa la nane huachiwa bodaboda ya kaka yake jioni ili "ajaribu," na kufikia likizo ya Agosti huwa anabeba abiria. Hajawahi kuuona hata ule mji wa mfano. Hapo tunapomcheka na kumsifu kwa ujanja wake, tunamkabidhi chombo kinachoweza kumfikisha kilomita 80 kwa saa bila ya kuta wala mshipi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kilio cha aina hii hakina mwisho.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nimewasema tu. Ninyi mnaweza kuyafanya mambo ambayo sisi yametushinda. Funga mshipi kila uingiapo gari, hata ukiketi nyuma, hata kama ni mwendo wa kufika dukani. Ukiwa dereva, simu na ikae mahali usipoweza kuifikia. Ujumbe wa rafiki utakungoja, lakini mtoto anayevuka barabara hakungoji. Miezi ya kwanza baada ya kupata leseni, usiwabebe wenzako wote wala usiendeshe usiku wa manane, ijapokuwa sheria yetu haikukatazi waziwazi kama ya New Zealand. Jiwekee mipaka mwenyewe. Usipande gari la mtu aliyelewa kwa kuogopa kuitwa mwoga. Na ukiwa abiria, sema. Sema mapema, kabla ya kona, si baada yake.

Wapo watakaonijibu kwamba barabara zetu ni mbovu, kwamba leseni hununuliwa, kwamba askari hupokea kitu kidogo na kuachilia magari mabovu yapite. Yote hayo sikanushi, na kila mwenye dhamana anapaswa kuwajibishwa. Kanuni za mwaka 2004, zilizotiwa nguvu na marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilituonyesha kwamba serikali ikitaka huweza: matatu ziliwekwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na kila kiti kikapata mshipi. Lakini zilituonyesha pia kwamba amri isiyogeuzwa kuwa tabia hulegea. Baada ya miaka michache mishipi ilining'inia imechafuka na kukatika, abiria wakaifunga tu walipokiona kizuizi cha polisi na kuifungua walipokipita. Hakuna polisi aliyetulazimisha kuifungua. Tuliifungua wenyewe, mbele ya watoto wetu.

Kuhusu mwanangu, sikumnyang'anya ufunguo. Tulikubaliana kwamba kwa mwaka mmoja ataendesha nami au mama yake kando yake, mchana kwanza, kisha mvua, kisha usiku, na kila safari tunaiandika katika daftari. Naye aliniwekea sharti lake: kwamba nami nikiwa dereva, yeye ana haki ya kunikosoa. Juma lililopita simu iliita nikiwa usukanini, mkono wangu ukaanza safari yake ya kawaida kuelekea mfukoni.

"Baba," akasema, "simu."

Nikaurudisha mkono. Iliniuma kidogo, sikufichi msomaji, mtu wa umri wangu kuamrishwa na mtoto katika gari lake mwenyewe. Lakini iliyoita iliita hadi ikachoka, nasi tukafika. Ajali ina kinga. Siku hiyo ilikuwa na maneno mawili tu.